Mdogo wangu, zimamoto wa misitu ni jembe

Kamwene, mdogo wangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa nimekaa juu ya ndoo, navua viatu. Umeona ile picha yangu ya shati la njano na kofia ngumu, moshi nyuma, sasa unataka kujua zimamoto wa misitu wa jimbo la Washington, huku Marekani, analipwa ngapi na wewe utaingiaje. Ukamalizia: "Si kumwaga maji tu, kaka?"

Tuanze na hayo maji. Kule milimani gari halifiki, na ndege unazoziona kwenye video zinaupunguza moto kasi tu ili sisi wa chini tuuwahi. Kinachoushinda ni udongo mtupu. Tunajipanga foleni, kikosi kamili ni watu 20, kila mmoja na chombo chake, tunafyeka na kupara majani mpaka ardhi ionekane, moto ukifika hapo ukose cha kula. Njia hiyo tunaiita laini. Zile njia za kuzuia moto kwenye mipaina ya Sao Hill unazijua. Sisi tunachimba nyembamba kuliko zile, kwa mikono, tena mteremkoni. Chombo changu kinaitwa Pulaski, upande mmoja shoka, upande wa pili jembe. Ni jina la mzee mmoja wa misitu wa Idaho ambaye kwenye moto mkubwa wa 1910 aliwaingiza watu wake kwenye handaki la mgodi, wengi wao wakapona. Kwa hiyo ndiyo, nimevuka bahari nikaja kushika jembe. Cheka, mimi nimeshacheka.

Kabla ya jembe kuna mtihani wa kutembea: maili 3, yaani karibu kilomita 5, ukibeba paundi 45 mgongoni, kama kilo 20, kwa dakika 45. Kukimbia ni marufuku. Nikajiambia mtoto wa Mafinga niliyekua nabeba kuni hili halinitishi. Mara ya kwanza nikachelewa kwa dakika moja na nusu, dada mmoja mwembamba akanipita mizunguko miwili. Nikarudi nyumbani, nikatia mfuko wa mchele wa kilo 20 kwenye begi, mwezi mzima natembea nao usiku baada ya kazi. Mara ya pili nikapita, mabega yamechubuka.

Halafu darasa. Tulifundishwa moto unavyopanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, maana joto linakausha majani ya juu kabla ndimi hazijafika. Kuna amri 10 na hali 18 za hatari, na kuna mambo manne hamuanzi kazi bila kuyapanga: nani anauangalia moto, mnawasilianaje, mnakimbilia wapi kwa njia ipi, na hapo mnapokimbilia ni salama kweli? Tulisomeshwa pia moto wa Yarnell Hill, Arizona, uliowaua wazima moto 19 siku moja, Juni 30, 2013. Siku hiyo darasani hapakuwa na mzaha. Mchana wake tukafundishwa kujifunika kwa kihema cha karatasi ya aluminiamu, unalala kifudifudi miguu kuelekea moto, uso chini kabisa udongoni kwenye hewa ya baridi. Mama usimwambie habari ya kihema. Yeye anajua nachunga miti.

Kilichonisumbua kuliko mzigo ni redio. Kiingereza cha darasani ninacho, ila redioni wanaongea kwa haraka, upepo unavuma, msumeno unalia. Wiki ya pili kiongozi wetu akasema kitu, sikukisikia vizuri, nikaona aibu, nikajibu nimeelewa. Kumbe alituambia turudi nyuma. Nikabaki napara peke yangu mpaka mwenzangu akanivuta begi. Jioni kiongozi alinikalisha pembeni, hakupiga kelele: "Ukisema umeelewa, naacha kukuangalia." Tangu hapo nauliza hata mara tatu, wachoke wao.

Na moto ukishatulia, kazi haijaisha. Unavua glovu, unapitisha mgongo wa mkono juu ya majivu, kisiki kwa kisiki, ukitafuta joto lililojificha kwenye mizizi. Hiyo inaweza kuchukua siku nyingi kuliko moto wenyewe, na hakuna anayeipiga picha.

Sasa pesa. Kwa saa, mimi na jirani yangu Mkongo anayefanya ghalani hapa Spokane hatupishani sana. Ninachompita ni ovataimu. Tukiitwa mbali tunakaa hadi siku 14, kwa siku mpaka saa 16, na zikipita saa 40 kwa wiki kila saa inalipwa mara moja na nusu. Julai na Agosti naonekana tajiri. Oktoba mvua zinaanza, mkataba unaisha, na kodi ya nyumba haijui kwamba moto umezimika. Ndiyo maana bati za mama zilikuja Septemba, na ndiyo maana ulipoomba pikipiki Februari nilikaa kimya. Viatu pekee, vya ngozi, vya kupanda juu ya kifundo, vilinila zaidi ya dola 400.

Kuhusu kuja: mimi sikuletwa na kazi hii. Nilikuja kwa grini kadi, kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, niliyoshinda kwa bahati nasibu, nikafagia hospitali miaka miwili, ndipo nikaona tangazo. Vikosi vya serikali kuu vinataka raia. Jimbo lilinipokea na grini kadi yangu. Kwa hiyo anayekuambia toa milioni kadhaa akutafutie nafasi ya zimamoto, mkimbie.

Lakini begi unaweza kulianza leo. Tia kilo 20 za mahindi, pima kilomita 5 barabara ya Mgololo, utembee bila kukimbia hata hatua moja, kisha uniambie umetumia dakika ngapi. Usinidanganye, nitamuuliza shangazi.