Nakala ya akiba inakatika ikifika GB 2: usinunue diski mpya

Ndugu wa Kamalondo, unasema seva ya Unix ya ofisini kwenu hapo Lubumbashi inakata nakala ya hifadhidata ikifika GB 2, na diski bado ina nafasi tele. Diski haina kosa. Mifumo ya zamani huhesabu mahali ndani ya faili kwa namba ya biti 32, na biti moja huliwa na alama ya chanya au hasi. Ndiyo maana mwisho ni baiti 2,147,483,647.

Angalia kwanza `ulimit -f`, amri inayoonyesha ukubwa wa juu wa faili unaoruhusiwa. Ikitoa namba badala ya `unlimited` (yaani bila kikomo), huenda ni kikomo alichoweka msimamizi.

La sivyo, usiruhusu faili kubwa izaliwe kabisa. Simamisha hifadhidata, kisha pitisha data kwenye bomba (alama `|`, inayopeleka matokeo ya amri moja kwa inayofuata): `tar` hufunga data pamoja, `gzip` huibana, `split` huikata vipande:

`tar cf - data | gzip | split -b 1000m - akiba.`

Utapata akiba.aa, akiba.ab na kuendelea. (`split` ikikataa ile `m`, andika 1000000000.) Kurudisha:

`cat akiba.* | gunzip | tar xf -`

Tafadhali, jaribu kurudisha wiki hii hii kwenye mashine nyingine, kabla hujafuta chochote. Na linganisha `cksum` (namba ya kukagua kama faili imebadilika) ya kila kipande baada ya kunakili: umeme ukikatika katikati, kipande kimoja kilichoharibika kinaweza kuzuia vyote vinavyokifuata.

Kama Unix yenu ni Solaris, ile ya kampuni ya Sun, toleo la 2.6 la 1997 lilianza kukubali faili kubwa, ila programu nayo lazima iwe imeundwa kwa ajili hiyo. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 (mpangilio wa faili wa kawaida kwenye flashi) hukomea GB 4 kwa faili moja. Vipande hivi vitaingia.