Mto ukijaa, teremka kwenye boti ukautazame kwanza

Masika yakishakolea, simu yangu huanza kupokea ujumbe kutoka Kampala, Nairobi, Arusha: “Kaka, mto umejaa? Tuje lini?” Wengi wanaouliza wameshateremka Nile kwa boti za mpira hapa Jinja, Uganda, maji yakiwa ya wastani. Walipinduka mara mbili tatu, wakaokotwa, jioni wakala nyama choma, wakarudi kwao na furaha. Sasa wanataka maji makubwa. Nawaelewa kabisa, kwa sababu hata mimi mto ukijaa usingizi wangu huwa mwepesi. Lakini jibu langu ni refu kuliko ujumbe wa simu, basi nimeamua kuliandika lote hapa.

Mimi ni mtoto wa Walukuba. Kwa wasiokujua, huo ni mtaa wa wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, na sisi watoto wa Wasoga, Wajaluo, Waluhya na Wanubi tulicheza na kugombana kwa Kiswahili. Mto tuliujua kwa kuuogopa. Mama zetu walihakikisha hivyo. Nilianza kuongoza boti za mpira kabla maporomoko ya Bujagali hayajafunikwa na bwawa, enzi ambazo vijana wa pale walijitosa wakateremka wamekumbatia jerikeni tupu ili watalii wawape chochote. Bwawa lilizinduliwa 2012, na Bujagali niliyofundishiwa mimi sasa iko chini ya maji tulivu.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila mgeni hulikosea. Mvua inayokulowesha Jinja leo siyo inayoujaza mto kesho. Nile hapa inatoka Ziwa Victoria, na ziwa hujazwa na mvua inayoliangukia lenyewe pamoja na mito ya nchi zote zinazolizunguka, ukiwemo Kagera unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi. Linapanda polepole, kwa majuma na miezi. Kisha maji yanayotoka hupitia mitambo na milango ya mabwawa ya umeme ya Nalubaale na Kiira, halafu Bujagali. Nalubaale ndilo lile bwawa la Owen Falls la 1954, lililoyazamisha maporomoko ya Ripon, mdomo wenyewe wa ziwa. Kwa hiyo mto unaweza kuwa mnene siku ya jua kali na ukapungua mvua ikinyesha. Unaweza pia kubadilika kati ya asubuhi na alasiri, kutegemea maji yanavyofunguliwa kwa ajili ya umeme.

Mei 2020 ziwa lilipita mita 13.4 kwenye kipimo cha Jinja, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1964. Nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, hakuna mgeni hata mmoja, na mto ulikuwa mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona. Nilikuwa naenda kwa miguu kukaa ukingoni na kuangalia tu. Mawe niliyoyajua kwa majina hayakuwepo. Miti niliyozoea kufunga boti kwenye mizizi yake ilikuwa imesimama ndani ya maji, mkondo ukipita kati ya matawi. Yale majuma ya kukaa bila kazi yalinifundisha kuliko misimu mingi ya kupiga kasia, ingawa somo lenyewe nilikuja kulielewa baadaye, na kwa uchungu.

Basi usiulize kama mvua imenyesha. Muulize atakayekuongoza: leo maji ni kiasi gani, yanaweza kubadilika saa ngapi, na mara ya mwisho wewe mwenyewe kuteremka kwa kiwango hiki ilikuwa lini? Swali la tatu ndilo kubwa. Akisita, au akikuambia mto ni uleule, ahirisha safari.

Mto si uleule. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Mto ukipitisha mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, ni tani 1,000 zinazokupita kila sekunde. Kasi ya mkondo ikiongezeka mara mbili, nguvu inayoisukuma boti iliyokwama inakuwa mara nne. Halafu maji hayaongezeki kwa usawa kila mahali. Poromoko moja linafunikwa kabisa, unapita juu yake kana kwamba uko ziwani. Linalofuata, ambalo kiangazi lilikuwa mawimbi ya kuchezea watoto, linageuka shimo: maji yanapanda juu ya mwamba, yanatumbukia nyuma yake, kisha yanajikunja na kurudi juu, na chochote kinachoelea kinazungushwa humo humo. Maporomoko mawili yaliyokuwa yametenganishwa na maji ya kupumulia yanaungana yakawa moja refu. Na edi, yale maji yanayorudi juu nyuma ya mwamba au pembeni mwa mto, ambayo kwetu waongozaji ni kama kituo cha basi, nyingine zinatoweka na nyingine zinakuwa na mpaka mkali unaoweza kuipindua boti kabla hujaingia.

Nieleze sasa siku iliyonifunza haya.

Ilikuwa mwezi wa Mei, maji makubwa, ingawa si kama ya 2020. Nilikuwa na wageni sita kutoka Nairobi, miongoni mwao dada mmoja mwalimu, mtulivu, anayeuliza maswali ya maana. Tulikuwa tumechelewa kuanza. Kuna poromoko ambalo nilikuwa nimeshaliteremka mara mamia, na alama yangu ya kuingilia ilikuwa mwamba mweusi ambao mnandi hupenda kuanikia mabawa. Unaupita upande wa kushoto, mbali kiasi cha boti mbili, unaukuta ulimi wa maji laini, unateremka katikati yake. Kabla yake kuna sehemu nzuri ya kuegesha, unapanda ukingo, dakika kumi unatazama, unarudi. Sikuegesha. Niliwaza gari linalotusubiri chini, na niliwaza kwamba poromoko hili nalijua.

Mwamba haukuonekana. Badala yake niliona povu jeupe na ndege mmoja akipita juu, na kichwa changu, kwa kuwa kilikuwa kinautafuta ule mwamba, kikaniambia ndio huo. Haukuwa wenyewe. Lilikuwa jiwe jingine, kushoto zaidi, ambalo maji yakiwa ya kawaida hata halipati povu. Nikajipima kwa alama ya uongo, na nilipofika ukingoni mwa mteremko nikaona chini yangu si ulimi bali shimo pana kama nyumba. Nilipiga kelele, “Mbele! Mbele kwa nguvu!” na wale wageni walipiga kasia kwa moyo wao wote, Mungu awabariki. Tuliingia kwa ubavu. Boti ilisimama wima, ikaanguka juu yetu.

Watano walishika kamba ya boti kama walivyofundishwa. Mwalimu alichomolewa. Alizama, akaibuka, akazama tena. Mwenzetu wa kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, alikuwa akimsubiri kwenye edi ya siku zote, na edi ya siku zote haikuwepo. Naye mwenyewe alikuwa anasukumwa. Nikiwa nimepanda juu ya boti iliyopinduka nikamwona dada yule akielekezwa na mkondo kwenye ukingo wa kulia, kwenye ile miti iliyosimama majini. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu magotini. Maji hupita kati ya matawi, mwili haupiti. Mtu akibanwa pale, mto wote unamkandamiza, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kumvuta kinyume cha tani zile.

Kayaki ilimfikia ikiwa imebaki kama hatua kumi. Alishika mpini wa nyuma wakakata mkondo pamoja, yeye akipiga miguu kwa nguvu zilizobaki. Tulipofika ukingoni alikuwa na kiatu kimoja. Hakusema neno mpaka chakula cha mchana, na mimi sikuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba kosa lilikuwa langu. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui mbizi zake. Mimi nilikuwa nayafika kila wiki, na siku hiyo hayakuwa yale.

Tangu hapo sipiti poromoko la maji makubwa bila kushuka botini kulitazama, hata kama jana nimelipita. Na nimebadilisha namna ya kutazama. Zamani nilianzia juu: tunaingia wapi, tunapita wapi. Sasa naanzia chini kabisa na kupanda. Nakwenda mpaka mwisho wa poromoko na kujiuliza: mtu akichomolewa hapa, atapelekwa wapi? Kuna miti? Kuna poromoko jingine linalofuata upesi? Kayaki itakaa wapi, na je, hiyo edi ipo leo kweli au naikumbuka tu? Mwenye mfuko wa kamba ya kumrushia aliyeanguka atasimama wapi? Kamba zetu nyingi ni za mita 15 hadi 20, na Nile iliyojaa ni pana. Mara nyingi kamba haimfikii mtu aliye katikati, kwa hiyo msaada lazima uwe majini. Nikishajibu hayo ndipo naanza kutafuta njia ya boti. Nisipopata jibu la chini, la juu halina maana hata liwe zuri vipi.

Kaa pale muda wa kutosha. Shimo hupumua: linafunga, linafunguka, wimbi linavunjika kushoto mara tatu kisha kulia. Ukilitazama kwa nusu dakika utaona sura moja tu. Tupa gogo au tawi juu ya mkondo na ulifuate kwa macho. Halafu chuchumaa. Ukiwa umesimama juu ya jabali unaona kila kitu, lakini kwenye boti macho yako yatakuwa karibu na maji na hutaona chochote zaidi ya mstari wa upeo na manyunyu ya maji. Alama unazochagua ziwe za nchi kavu: mti wenye tawi lililokatika, paa la nyumba, bonde kati ya vilima. Mwamba wa mtoni usiuamini kuwa alama. Ndio wa kwanza kuondoka maji yakipanda.

Kwa wewe utakayekaa mbele na kasia, kazi yako ni mbili. Piga kasia mpaka uambiwe acha, kwa sababu boti isiyo na mwendo inakwenda mahali mto unapotaka. Na jaketi la kuokolea likazwe mpaka mtu mwingine akikuvuta mabegani lisipande masikioni. Ukianguka, usijaribu kusimama kwenye mkondo unaokwenda kasi, hata ukihisi mawe. Mguu ukinasa, maji yanakulaza kifudifudi. Lala chali, miguu juu na mbele. Pumua wimbi linaposhuka, ziba pumzi linapokufunika. Likikuvuta chini, jikunje na usihangaike kwa sekunde zile, jaketi litakurudisha juu. Ukiibuka ukaona boti au kayaki, geuka tumbo na uogelee kwa nguvu zako zote. Maji yaliyojaa hayakupi nafasi ya pili karibu. Na ukiona miti mbele, sahau kulala chali. Ogelea kuikimbia, na ikishindikana kabisa, ifuate kichwa mbele ujirushe juu ya shina, usikubali kupita chini yake.

Kuna wanaoona aibu kubeba boti nchi kavu. Poromoko la Itanda, sehemu yake ya juu, linahesabiwa daraja la 6, la juu kabisa kwa ugumu, na safari za kawaida zote hubeba boti kulipita. Hakuna anayeona haya. Basi poromoko la daraja la 4 likipandishwa na maji mpaka hulitambui, lina tofauti gani? Kubeba kunachukua nusu saa na mabega yanauma.

Mito ya Mlima Elgon sina mengi ya kuisema ila moja: msiipelekee boti masika. Ile haina bwawa wala ziwa la kuituliza. Mvua inanyesha juu mlimani usikokuona, mto unapanda kwa muda mfupi na kuja na magogo. Julai 2022 Mbale iliona mito ya Nabuyonga na Namatala ikivunja kingo usiku, na watu wakafa.

Na la kiafya, kwa kuwa hakuna anayewakumbusha: maji ya huku yana kichocho. Ukishafika kwenu, baada ya wiki sita hadi nane muone daktari kuhusu prazikwanteli. Ukimeza mapema mno, dawa haiwaui minyoo ambao bado hawajakomaa.

Yule mwalimu alirudi. Sikutegemea. Alikuja masika yaliyofuata na ndugu yake, akaomba boti yangu. Tulipofika kwenye lile poromoko niliegesha, tukapanda ukingo wote wanane, nikawaonyesha kila kitu kuanzia chini. Ile miti ya kulia ilikuwa tena ndani ya maji, na edi ya kayaki haikuwepo. Nikawaambia tunabeba. Hakuna aliyepinga. Tulipomaliza tulikaa juu ya jabali tukala chapati na ndizi, yeye akitazama shimo muda mrefu, kisha akaniuliza ule mwamba wa mnandi uko wapi hasa. Nikamwonyesha kwa kidole mahali maji yalipokuwa yanavimba kidogo, bila povu hata kidogo.