Anza na Ngazi: Kujenga Kompyuta Kubwa ya Kazi Ndani ya Nyumba ya Lamu

Vijana wanaokuja kujifunza kazi hii kwangu huanza kwa kuuliza prosesa (ubongo wa mashine) gani, kadi gani ya grafiki (ya kuchora picha), RAM (kumbukumbu ya kazi) kiasi gani. Mimi huwauliza kwanza: ngazi ya hiyo nyumba ina upana gani? Wengine hudhani nawazungusha. La. Kompyuta kubwa ya kazi iliyo ndani ya kasha la vioo ni kitu cha kukaa mahali pamoja miaka mitano, sita, na mahali penyewe ndipo panapoamua mengi kuliko orodha ya vifaa uliyoikesha ukiisoma.

Kasha ninalolisema ni lile kubwa kabisa, la kuonyesha. Corsair Obsidian 1000D, kwa mfano, lina kimo cha karibu sentimita 70, kina cha sentimita 70, upana wa sentimita 30, na uzito wa karibu kilo 30 likiwa tupu. Halijaingia hata skrubu moja hapo. Sasa chukua futikamba upite Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu. Kuna vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani. Ngazi za nyumba za mawe zimepita katikati ya kuta nene, zina vidato virefu, na nyingi zinakata kona kabla hujafika juu. Kabla ya hapo kuna safari yenyewe: gari linaishia Mokowe, upande wa bara, mzigo unashuka kwenye boti, unapandishwa gatini, unatiwa kwenye mkokoteni, kisha mabegani mwa watu.

Kazi yangu ya kwanza ya aina hii niliijenga karakanani. Iliwaka vizuri, nikaipima siku mbili, nikaifunga kwa mablanketi na kuipeleka kwa mwenyewe. Tulipoifungua juu, kadi ya grafiki ilikuwa imening'inia upande mmoja na nafasi yake kwenye madabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, imepasuka ukingo. Kadi kubwa za siku hizi zinapita kilo 2, na kilo 2 zilizoshikwa upande mmoja tu, zikitikiswa na boti na mkokoteni, hutafuta pa kuvunjia. Madabodi ile niliilipa mimi. Tangu hapo napandisha kasha likiwa tupu, bila vioo, na kila kifaa kinakuja ndani ya boksi lake. Najenga pale pale litakapokaa. Hata kama ni orofa ya tatu, hata kama nitarudi siku tatu mfululizo.

Ukishajua kasha litapita, uliza stima. Hapa ndipo nawaomba msikilize kwa makini, kwa sababu ni mahali pa hatari.

Nyumba nyingi za kale zilitiwa nyaya kidogo kidogo, na soketi zake nyingine zina matundu matatu lakini tundu la ardhi halijaungwa popote. Niliwahi kumaliza kujenga, nikaenda kunawa, bibi wa nyumba akapita akagusa kasha kwa nyuma. Akaniambia, "Mwanangu, hilo kasha lenu linanitekenya mkono." Nikaweka testa kwenye skrubu ya nyuma, taa yake ikawaka. Sababu yake ni hii: ndani ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa vifaa, kuna kichujio cha umeme chenye kapasita zilizofungwa kwenye chuma cha kasha. Pasipokuwa na waya wa ardhi, chuma hicho hubaki na karibu nusu ya volti za ukutani, yaani 120 hivi kati ya 240. Mkondo wake ni mdogo, lakini unatosha kumtisha mtu mzima, na unatosha kuunguza tundu la kamera au skrini utakapochomeka waya. Usilitibu jambo hilo kwa vigae vya mpira chini ya kasha. Aitwe fundi wa umeme mwenye leseni, apige fimbo ya ardhi, na kazi isubiri. Mwenye nyumba akisema utamalizia wiki ijayo, mwambie wiki ijayo ndipo nitakapowasha.

Halafu hesabu ya wati. Nichukue mfano wa mashine niliyomjengea kijana anayetengeneza ramani za nyumba za kale kwa kuunganisha maelfu ya picha hadi nyumba nzima isimame kwenye skrini. Prosesa yake ni Threadripper 7970X, yenye viini 32, na kiwango chake cha umeme ni wati 350. Kadi yake ni RTX 4090, wati 450. Ongeza feni, diski na RAM, uko kwenye wati 950 kazi ikipamba moto. Pawa saplai ya wati 1300 inakaa hapo bila kuhema. Lakini UPS, betri ya kuishika mashine stima ikikatika, ndiyo inayowadanganya wengi. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ni VA (volti mara ampea), si wati. Soma nyuma. UPS ndogo za dukani zenye VA 650 hazipiti wati 400. Kwa mashine hii zitazima papo hapo stima ikipotea. Tafuta yenye wati 1800 hivi, inayotoa wimbi safi la umeme, maana baadhi ya pawa saplai nzuri hazipatani na wimbi la ngazi ngazi. Haihitajiki kukupa saa nzima. Dakika kumi za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu zinatosha.

Tuje kwenye hewa. Kila jikoni la Lamu lina kopo la chumvi lenye punje za mchele ndani. Mnajua kwa nini: chumvi hunyonya unyevu, na hewa ikipita unyevu wa asilimia 75 huanza kulowa na kuyeyuka yenyewe. Chumvi hiyo hiyo inapeperushwa na upepo wa bahari na kutua juu ya madabodi yako. Ikilowa, inakuwa utando unaopitisha umeme, na baada ya miezi unaanza kuona kutu ya kijani kwenye miguu ya shaba. Ongeza vumbi la chokaa linalodondoka kutoka kwenye kuta na dari za boriti, upate ugali unaoshika mabawa ya feni.

Kinga yake si ghali. Weka feni nyingi zaidi za kuingiza hewa kuliko za kutoa, sita kwa tatu kwa mfano, na zote za kuingiza ziwe na vichujio. Hapo kasha linakuwa limejaa hewa inayotoka nje kwa kila upenyo, badala ya kila upenyo kufyonza vumbi. Kujua feni inapuliza wapi, itazame: upande ulio wazi ndio unaovuta, upande wenye mikono ya plastiki iliyoshika mota ndio unaotoa. Nimekuta mashine ya kuvutia sana yenye feni zote zikivuta, na mwenyewe akilalamika joto.

Na mashine isikae siku nyingi bila kuwashwa. Kompyuta inayowaka ina joto, na joto huikausha. Inayozimwa wiki tatu za masika, madirisha wazi, ndiyo inayoliwa. Namwambia mwenyewe aiwashe saa chache kila siku hata kama hana kazi.

Kuna suala la uzuri, na silichukulii kuwa upuuzi. Wazee wetu walijenga zidaka ukutani wakapanga vyombo vya kaure ili mgeni akiingia ndani avione. Mtu wa leo akitaka chombo chake cha kazi kionekane nyuma ya kioo, yuko kwenye mila ile ile. Ila kaure haipumui. Usilitie kasha ndani ya kidaka wala usiliegemeze ukutani. Liache sentimita 20 nyuma na juu pawe wazi. Paka wa nyumba watapenda kulala pale juu panapotoka joto. Wafukuze mapema, kabla hawajazoea.

Kuhusu kupoza kwa maji, mipira inayong'aa na tangi la rangi, mtaombwa sana. Mimi huwashauri wateja wa hapa wachukue feni kubwa ya prosesa, au mfumo wa maji uliofungwa kiwandani. Mfumo wa kujiungia mwenyewe ukivuja saa tano usiku, kipuri kiko Mombasa au mbali zaidi, na mtu ana kazi ya kukabidhi. Akishikilia, basi rejeta na vipande vyote viwe vya shaba. Ukichanganya shaba na alumini ndani ya maji yale yale, alumini italiwa. Na zungusha maji kwa pampu peke yake saa 24, karatasi za shashi chini ya kila kiungo, kabla hujawasha kitu kingine.

Sasa mikono. Najenga baada ya alfajiri, kabla jua halijachachamaa, na kitambaa nimekifunga kipajini. Si mbwembwe. Soketi ya prosesa hii ina miguso 4844, midogo kuliko punje ya mchanga, na tone moja la jasho juu yake lina chumvi ile ile niliyoisema. Prosesa inakuja na bisibisi yake maalumu: unafunga skrubu kwa mpangilio wa namba zilizoandikwa, na ikifika nguvu inayotakiwa inatoa mlio. Ukiusikia, acha. Usiongeze kidogo kwa ajili ya moyo wako. Wengine wanatumia bisibisi ya kawaida, wanakaza upande mmoja kuliko mwingine, kisha nusu ya RAM haionekani na wanalaumu RAM.

Tukiwa hapo kwenye RAM: prosesa hizi hutumia aina ya DDR5 inayoitwa RDIMM. Ile ya kompyuta za kawaida haiingii, hata pengo lake limekatwa mahali tofauti. Usiilazimishe. Nunua vipande vinne vinavyofanana, si viwili vikubwa, kwa kuwa madabodi ya TRX50, aina inayopokea prosesa hii, ina njia nne za RAM na ukitia viwili umefunga njia mbili.

Kabla ya kushusha madabodi ndani ya kasha, hesabu vinguzo vya shaba vilivyo chini yake na ulinganishe na matundu. Kinguzo kimoja kilichobaki pasipo na tundu kitagusa nyuma ya bodi na kuleta shoti. Vioo navyo vitolewe mwanzo kabisa na vilazwe juu ya godoro au mkeka mnene. Kioo kile unaweza kukigonga katikati kwa ngumi kisifanyike kitu, lakini ukikisimamisha kwa kona juu ya kigae cha sakafu kinapasuka chote kwa mara moja, punje punje, hadi chini ya kitanda. Kigae ni kigumu kuliko kioo.

Waya wa umeme wa kadi ya grafiki ndio wa mwisho, na ndio unaoonewa na kioo. Unataka kufunga ubavu, waya umesimama nje, unausukuma kwa kioo chenyewe. Usifanye hivyo. Kichwa kile cha pini 16 lazima kiingie chote, pasibaki hata ufa wa kucha, na waya usikunjwe ndani ya sentimita 3.5 za kwanza. Tangu mwishoni mwa 2022 zilionekana kadi za aina hii ambazo vichwa vyake viliyeyuka, na kuchomeka nusu nusu kulitajwa kuwa sababu kubwa. Kwa hiyo kabla ya kununua kasha pima upana: kadi, jumlisha sentimita nne za waya, ndipo kioo.

Kisha unawasha, na skrini inakuwa nyeusi.

Mara ya kwanza kukutana na RDIMM nilisubiri dakika tatu, nikazima. Nikatoa RAM, nikairudisha, nikawasha, nikazima tena. Nikaing'oa prosesa, nikasafisha pesti yake ya kupitisha joto, nikapaka upya. Mchana mzima ukapita hivyo, na mwenye mashine ameketi msanani (ukumbi wa nyumba) akinitazama kwa adabu bila kusema neno. Magharibi ikaingia, nikaswali, nikarudi kwenye skrini ile ile nyeusi. Ilipoadhiniwa Isha nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliiacha inawaka hivyo hivyo nikaenda msikitini. Niliporudi ukurasa wa BIOS, yaani wa mipangilio ya mwanzo ya mashine, ulikuwa umefunguka, RAM yote imehesabiwa, gigabaiti 128. Hapakuwa na kilichoharibika tangu asubuhi. Bodi hizi, mara ya kwanza zinapokutana na RAM nyingi, huipima kipande kwa kipande kabla ya kuonyesha chochote, na kazi hiyo huweza kuchukua dakika kumi au zaidi. Kila nilipozima, nilikuwa naianzisha upya. Basi washa, hakikisha feni zinazunguka, kisha toka nje ya chumba. Kunywa kahawa. Saa ikipita nzima bado nyeusi, hapo ndipo uanze kutafuta.

Siku ya kukabidhi, iendeshe kwa kazi yake halisi, si kwa programu ya kupima peke yake. Kijana wa ramani nilimwambia alete picha za nyumba kubwa kuliko zote alizonazo, tukaiacha usiku kucha, na asubuhi tukasoma joto la prosesa na kadi tukiwa pamoja, vioo vimefungwa, dirisha la baharini likiwa wazi kama linavyokuwa kila siku. Vichujio nilimwonyesha kuvivua na kuvisafisha kwa brashi kila wiki mbili. Skrubu zilizobaki, vinguzo vya akiba na ile bisibisi ya prosesa nilivitia kwenye kifuko, nikakigundisha kwa tepu ndani ya ubavu wa nyuma, pasipoonekana kwenye kioo, ili fundi yeyote atakayelifungua kasha hilo baadaye asianze kuvitafuta Mombasa.