Mchicha pori sawa, ila mnavu na kisamvu usivisage vibichi

Dada, umeuliza kama mchicha pori, mnavu na kisamvu cha nyuma ya nyumba unaweza kuvisaga vibichi na ndizi upate smuthi ya asubuhi. Mchicha pori ndiyo, ila nao uupitishe kwanza kwenye maji yanayochemka. Hivyo viwili vingine, tafadhali, viache viende jikoni.

Kisamvu kibichi kinatoa sumu ya sianidi. Bibi zetu hawakukitwanga na kukichemsha muda mrefu kwa sababu ya ladha tu! Blenda haiwezi kuchukua nafasi ya moto. Mnavu nao una sumu yake, hasa yale matunda ya kijani, kwa hiyo pika majani yake tu kama mboga.

Kwa mchicha, mimi nachuma majani machanga ya juu kabla haujatoa mbegu. Ukipapasa shina ukakuta miiba pale majani yanapoota, huo ni mchicha miiba: unalika, ila chambua majani tu. Naosha mara tatu, natumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2, naumwaga ule mchuzi wa kijani. Hapo oksaleti, kemikali ya majani inayoweza kuchangia mawe kwenye figo, inapungua. Mwenye historia ya mawe kwenye figo amuulize daktari kwanza.

Kisha konzi moja ya mchicha, ndizi mbivu, nusu embe, kipande cha tangawizi, ndimu. Embe ndilo linaloua ile harufu ya majani.

Na usichume kando ya barabara, kwenye mtaro wa majitaka, wala shamba lililopuliziwa dawa.