Programu ya Hesabu kwa Mfanyabiashara wa Nafaka

SWALI: Ndugu Mhariri, nina ghala la mahindi na alizeti Kibaigwa na duka Majengo, mjini Dodoma. Madaftari yamenizidi. Nichague vipi programu ya uhasibu inayotunza hesabu kwenye seva za kampuni nyingine kupitia intaneti?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji kama siku ya kuachana naye utaondoka na hesabu zako zote, katika faili linalofunguka kwenye programu nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5, na wajibu huo ni wako, si wa mwenye seva. Nimemwona mfanyabiashara aliyechelewesha ada akafungiwa akaunti katikati ya msimu, iliniuma sana.

Kisha ijaribu kwa manunuzi halisi ya siku moja ya mnada: gunia lililopimwa kilo 100 likipungua uzito baada ya kukauka, programu ioneshe nani alirekebisha na lini. Mauzo yalingane na risiti za EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi. Umeme au mtandao ukikatika, karani wa Kibaigwa aweze kuendelea kuandika, taarifa zipande kwenye seva baadaye zenyewe.