Mabingwa wa kung fu ya jadi walifunzwa wapi? Jibu la aliyefanya mazoezi Tianjin

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama mabingwa wakubwa wa kung fu ya Kichina wote walitokea hekalu la Shaolin, na mtu amtambue vipi mwalimu wa kweli wakati huu ambapo yeyote anaweza kujiita shifu. Nilisoma Tianjin, kaskazini mwa China, kwa miaka kadhaa, na huko nikafunzwa na mzee mmoja Mwislamu wa jamii ya Wahui. Nitajibu kwa yale niliyofundishwa na niliyoyaona. Ni refu, kwa hiyo vumilieni.

La kwanza: hapana. Ukiwafuatilia mabingwa wanaotajwa sana wa miaka 150 iliyopita, watawa ni wa kutafuta. Utakutana na wafanyabiashara wadogo, mafundi, waganga, askari na walinzi wa misafara. Cheng Tinghua, mmoja wa vinara wa mtindo wa baguazhang, alikuwa fundi miwani Beijing na watu walimwita Cheng wa Miwani. Lam Sai-wing, mwanafunzi mashuhuri wa bingwa Wong Fei-hung, aliwahi kuuza nyama ya nguruwe. Chan Wah-shun, aliyempokea Ip Man (mwalimu wa Bruce Lee) akiwa mtoto mdogo kule Foshan, kusini mwa China, kazi yake ilikuwa kubadilisha fedha, na yeye mwenyewe alifunzwa na Leung Jan, tabibu wa dawa za mitishamba. Watu hawa walifunga duka jioni, ndipo mazoezi yakaanza uani.

Ukitaka kuelewa kwa nini, nenda Cangzhou. Ni mji wa mkoa wa Hebei, kusini mwa Tianjin, na kwa treni ya kasi safari haifiki saa moja. Ardhi ya kule ilikuwa ya chumvi, kilimo cha kubahatisha, na zamani wafungwa walipelekwa huko uhamishoni. Juu ya hayo Mfereji Mkuu unapita hapo hapo, na bidhaa zilizokuwa zikienda Beijing zilipita mbele ya macho ya watu wenye njaa. Mahali kama hapo kijiji kisichojua kupigana hakikai. Kijana mwenye mikono mizuri naye alipata ajira, maana wafanyabiashara waliajiri kampuni za kulinda misafara. Desturi ya walinzi hao ilikuwa kupaza sauti kutangaza jina la kampuni yao barabarani ili majambazi wajue nani anapita. Wakifika Cangzhou walinyamaza. Msemo wa Kichina wa kwamba misafara haipigi kelele Cangzhou unatokana na hilo, na mwalimu wangu alikuwa akiutaja huku kifua kikiwa mbele, maana wazee wake walitoka huko.

Sasa, jambo ambalo wengi wetu huku hatulijui ni ukubwa wa nafasi ya Waislamu katika historia hii. Mtindo wa bajiquan unatokana na Wu Zhong, Mhui wa Mengcun, eneo lililo chini ya Cangzhou. Mtindo wa chaquan ni mali ya Wahui wa mkoa wa Shandong. Kuna msemo mwingine kwamba kutoka Nanjing hadi Beijing, tantui, mtindo wa mateke, asili yake ni kwa watu wa dini, na "watu wa dini" hapo ni Waislamu. Mafunzo mengi yalifanyika katika ua wa msikiti baada ya sala, kwa sababu ndipo jamii ilipokutana na ndipo watoto walipokuwa chini ya macho ya wazee.

Mimi mwenyewe nilimpata mwalimu kwa njia hiyo hiyo. Niliingia msikitini siku ya Ijumaa nikiwa mgeni kabisa, na baada ya sala nikawaona wazee watatu wakinyoosha viungo chini ya mti. Mmoja wao alikuwa mstaafu wa kiwanda cha baiskeli. Nilikwenda kumsalimia, akanijibu salamu kwa Kiarabu cha lafudhi ya Kichina, kisha akaniuliza kama nimekula. Kung fu haikutajwa siku ile, wala Ijumaa iliyofuata. Alitaka kwanza kujua mimi ni mtoto wa nani na kwetu tunaishi vipi.

Kama ningetakiwa kuchagua mtu mmoja wa kuonyesha bingwa wa jadi hutengenezwa vipi, ningemchagua Wang Ziping. Alizaliwa Cangzhou mwaka 1881 katika familia ya Wahui ambayo mieleka na silaha vilikuwa mambo ya nyumbani. Wanaomsimulia wanasema utotoni alichimba shimo akawa anaruka kutoka ndani yake, kila baada ya muda akiliongeza kina, na kwa kuwa hakuwa na vyuma alijinoa kwa kurusha na kudaka mawe mazito. Akiwa kijana alikwenda Jinan, mji mkuu wa Shandong, akapokewa na Yang Hongxiu, bingwa wa chaquan. Kwa Yang ndipo nguvu zile zilipopata adabu: hatua ndefu, kiuno kinachoongoza mkono, pumzi isiyokatika hata mtu akikimbizana na njia nzima ya mazoezi. Baadaye akasifika vile vile kwa kuunga mifupa na kurudisha viungo vilivyoteguka, kazi aliyoifanya Shanghai hadi uzeeni. Alipokaribia miaka 80 alifuatana na msafara wa Waziri Mkuu Zhou Enlai kwenda Burma, akaonyesha silaha mbele ya watu. Alifariki mwaka 1973. Binti yake, Wang Jurong, alikuja kuwa mwalimu wa wushu (sanaa za mapigano) wa chuo kikuu, na mwishoni akahamia Marekani.

Watu hupenda zaidi visa vyake na wababe wa Kizungu, na mimi navipenda pia. Lakini tazama mafunzo yenyewe: nyumbani, kisha mwalimu mmoja mwenye fani iliyokamilika, kisha tiba. Hili la tiba halikuwa nyongeza. Anayefundisha watu kuangushana lazima ajue kumwinua aliyeumia. Wong Fei-hung naye alikuwa na zahanati yake Guangzhou, Po Chi Lam, iliyoteketea kwa moto mwaka 1924. Mimi niliteguka kifundo cha mguu katika mazoezi, na mzee akanikanda kwa mafuta hadi nikaweza kutembea kwenda bwenini. Alipokuwa akinikanda alinieleza ni msuli gani ulioshindwa na kwa nini hatua yangu ilikuwa mbovu. Lilikuwa somo lile lile, kwa njia nyingine.

Kuhusu mazoezi yenyewe nitasema wazi: ni magumu na yanachosha akili kabla ya mwili. Tantui aliyonifundisha mzee ina njia kumi. Kila njia ni mwendo mfupi unaourudia kushoto na kulia, ukienda mbele mpaka ardhi iishe, ugeuke, urudi. Nilikaa na njia ya kwanza muda mrefu kupita nilivyotarajia. Niliona vijana wa Kichina wakikata tamaa na kuondoka. Mzee hakumzuia mtu, na alipoulizwa njia ya pili itaanza lini alirekebisha goti la muulizaji akaendelea na chai yake. Kisha kuna kusimama mapaja yakiwa sambamba na ardhi, na kuna ufito mrefu wa mti uitwao nta nyeupe, mnene nyuma na mwembamba mbele, unaoutikisa kwa mwili mzima mpaka ncha itetemeke. Ufito huo ndio hufungua nguvu ya mkuki.

Na mkuki ndio ulimpa jina Li Shuwen, aliyeishi 1864 hadi 1934, ambaye watu walimwita Li Mkuki wa Mungu. Hakuwa Mhui, lakini bajiquan yake ilitoka kwenye chemchemi ile ile ya Mengcun. Alikuwa mwembamba, si pande la mtu. Mwanafunzi wake Huo Diange alimlinda na kumfundisha Puyi, mfalme wa mwisho wa China. Mwanafunzi wake wa mwisho, Liu Yunqiao, alikuwa mtoto wa familia yenye mali pale Cangzhou, na Li alikaa nyumbani kwao kumfundisha tangu akiwa mdogo. Liu akaja kuipeleka fani hiyo Taiwan. Kwa hiyo hata namna ya kusoma ilitofautiana: maskini alimfuata mwalimu, tajiri alimleta mwalimu nyumbani.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni imani kwamba bingwa wa kweli ana mwalimu mmoja na mtindo mmoja. Bingwa Sun Lutang alisoma mtindo wa xingyi kwa Li Kuiyuan, akapelekwa kwa Guo Yunshen, mwalimu wa Li mwenyewe, akasoma baguazhang kwa Cheng Tinghua wa Miwani niliyemtaja juu, na akiwa mtu mzima wa miaka 50 hivi, mwenye jina tayari, akajifunza mtindo wa taiji kwa Hao Weizhen baada ya kumuuguza Hao alipougua Beijing. Angalia heshima iliyomo: mwalimu anampeleka mwanafunzi kwa mwingine, na bingwa mzima anakubali kuanza upya.

Mwaka 1928 serikali ilianzisha Taasisi Kuu ya Guoshu, yaani sanaa za mapigano za taifa, mjini Nanjing chini ya Jenerali Zhang Zhijiang, na watu wa mikoa mbalimbali wakakutanishwa chini ya paa moja. Wang Ziping aliongoza idara ya mitindo ya Shaolin. Mwaka huo huo yakafanyika mashindano ya jukwaani ambamo watu waliumizana vibaya sana, hata wale wa mwisho hawakupambanishwa. Kwangu mimi taasisi ile ni muhimu kwa sababu iliwatoa watu kwenye ua wa ukoo na kuwapima mbele ya wageni. Chang Dongsheng, Mhui wa Baoding na mtu wa mieleka ya Kichina, shuaijiao, alitamba katika mashindano ya Nanjing mwaka 1933, kisha akaishia kufundisha polisi Taiwan. Mzee wangu alimtaja mara nyingi kuliko bingwa yeyote, akisema ngumi zinaweza kuongopewa lakini kuanguka hakuongopwi.

Baada ya Wakomunisti kushika nchi mwaka 1949 njia ziligawanyika. Serikali ilijenga wushu ya michezo, yenye alama na waamuzi. Jet Li ni matunda ya mfumo huo, chini ya kocha Wu Bin wa timu ya Beijing, na mazoezi yao ni makali kweli, msiyadharau. Ila lengo ni jingine. Wa jadi waliobaki walipata tabu kubwa katika Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao dhidi ya mambo ya kale, kuanzia 1966. Mzee alinieleza kwamba mikuki ya nyumbani kwao ilichukuliwa, daftari la babu yake likachomwa, na baba yake akawa anamfundisha usiku chumbani, bila kukanyaga kwa kishindo ili majirani wasisikie. Bajiquan bila kishindo! Ndiyo maana mabingwa wengi wa umri wake wana sehemu pungufu, na walio waaminifu wanakwambia wazi kwamba silaha fulani hawakuimaliza.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Kung fu ya jadi ina silsila, kama sheikh wa tarika anavyoweza kukutajia nani alimpa ijaza na huyo aliipata kwa nani. Muulize mwalimu alifunzwa na nani, wapi, kwa muda gani, na huyo mwalimu alikuwa anaishi kwa kazi gani. Aliyekaa kweli na mwalimu anajua mambo madogo: alikuwa akila nini, alikuwa mkali wakati gani, nani mwingine alikuwepo. Aliyenunua cheti anataja kizazi cha ngapi na kunyamaza. Ila silsila peke yake haitoshi. Ip Man alisema alisoma pia Hong Kong kwa Leung Bik, mtoto wa Leung Jan, na hadi leo watu wa Wing Chun, mtindo wa Ip Man, wanabishana juu ya hilo. Ubora wa mikono ya wanafunzi wake haukutegemea mabishano hayo. Kwa hiyo mguse, yaani ujaribu mikono yake. Mwombe akuonyeshe jambo la msingi kabisa, hatua moja au teke moja, na uone kama wanafunzi wake wa miaka mingi wanalo hilo hilo.

Tazama pia anavyopokea heshima. Kijana mmoja wa Kihan, kabila kubwa la China, aliyekubaliwa rasmi kuwa mfuasi alitaka kupiga magoti mbele ya mzee, kama desturi yao ilivyo. Mzee alimshika mabega akamsimamisha, akasema kusujudu ni kwa Mungu peke yake, kikombe cha chai kinatosha. Wote tuliokuwepo tulikunywa chai ile.

Wanaokwenda China kwa masomo, na najua humu mpo, msianze na shule kubwa zenye mabango. Nendeni bustanini alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, muwaangalie wazee wanaofanya mazoezi pembeni bila muziki. Msipige picha. Rudini siku ya pili na ya tatu muwe mnasalimia tu. Kama mko Jinan, Tianjin au Cangzhou na ni Waislamu, Ijumaa yenu ya kwanza iwe msikitini, na mkiulizwa kama mmekula, semeni bado.