Shangazi, soksi nazo si uwekezaji?

Swali: Shangazi, shikamoo. Mimi ni soja wa usiku hapa Kisumu, nakaa Kondele. Kila Jumapili nikitoka kazini napitia Kibuye, na sitoki sokoni bila soksi, jozi tatu kwa mia. Juzi mke wangu alizimwaga zote kitandani akahesabu: jozi 23, na vipande 9 visivyo na wenzake. Akasema wanaume wengine wananunua hisa, mimi nanunua soksi. Nikamjibu kwamba soksi nazo ni uwekezaji. Tuamulie.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukukosea kabisa. Kukaa ndani ya buti usiku kucha bila soksi kavu ni malengelenge, na soja mwenye malengelenge hamfukuzi mwizi. Jozi nne tano za kubadilisha ni mtaji wa kazi yako. Lakini 23? Huko ni kuweka, na kuweka si kuwekeza.

Hisa hupanda na kushuka. Soksi ikishalegea mpira hushuka tu. Hisa ikishuka unasubiri, soksi ikishuka unainama. Zile za Safaricom ziliuzwa kwa umma shilingi 5 mwaka 2008, mwaka uliofuata zikawa chini ya 3, na mwaka 2021 zikapita 40. Nionyeshe soksi iliyoteremka kifundoni ikapanda tena yenyewe! Na hisa ikinona hutoa gawio, soksi ikichoka hutoa kidole.

Vile vipande 9 ndivyo vilivyonigusa. Mama yangu alikuwa akitia balbu iliyoungua ndani ya soksi ya shule, kisigino kikatandazika juu ya kioo, kisha anapitisha uzi huku na huku kama anasuka mkeka, mpaka tundu linafungika. Fundi kweli, lakini soksi iliyopotelewa na mwenzake hata yeye hakuwa na dawa yake. Soksi moja ni tambara. Hisa moja ni mali kamili. Zamani soko la hisa la Nairobi lilikutaka uanzie 100, ila tangu Agosti 2025 unanunua hata moja, na kampuni ikitangaza gawio hiyo moja nayo inalipwa.

Kuna jambo moja ambalo soksi na hisa zinapishana kabisa. Soksi nunua za rangi moja, nyeusi zote, ili ikipotea moja iliyobaki iolewe na nyingine. Hisa chagua za kampuni na biashara mbalimbali, moja ikiyumba zisiyumbe zote.

Basi Jumapili hii pitia Kibuye kwa mboga tu. Ile mia ibaki kwenye simu, na ya wiki inayofuata vilevile. Zikitosha, beba kitambulisho na PIN ya KRA, mwende wote wawili kwa wakala wa hisa mkafungue akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hisa. Vipande 9 usivitupe: kimoja kivae mkononi, chovya kiwi kidogo, usugue buti.